Ufa Kati ya Ubao na Kitanda

Bibi alikuwa amelala kitanda cha dirishani, wodi ya wanawake, mguu umefungwa bandeji kuanzia kifundoni hadi karibu na goti. Mwanachuo wa mwaka wa pili alisogea na trei yake, akasimama wima kama alivyofundishwa, akasema: "Habari za asubuhi. Mimi ni mwanafunzi wa uuguzi. Nimekuja kusafisha kidonda chako. Je, unaniruhusu?" Bibi alimtazama kidogo, akageukia ukutani. Kijana akanitazama mimi. Kwenye karatasi yangu ya kusahihishia, kipengele cha kwanza kilidai ajitambulishe, cha pili aeleze anachokuja kufanya, cha tatu aombe ridhaa. Vyote alikuwa amevitimiza. Nikampa alama zake, na kidonda kikabaki kama kilivyokuwa, mpaka muuguzi wa zamu alipopita akasema, "Shikamoo bibi, umeamkaje na huo mguu?" Bibi akaitikia, "Marahaba mwanangu," akageuka na kunyoosha mguu mwenyewe.

Kijana yule hakuwa mkaidi wala mjinga. Shikamoo anaijua tangu hajaanza shule ya msingi. Ila darasani tulikuwa tumempa njia nyingine ya kumkaribia mgonjwa, njia iliyotafsiriwa kutoka kwenye kitabu, naye akaamini kwamba ile ya kwao haihusiani na taaluma. Nimefundisha uuguzi ngazi ya stashahada kwa miaka 14, na sijaona mahali pengine ambapo tatizo letu limejionyesha waziwazi kama pale kitandani.

Ukiketi ofisi ya wakufunzi wakati wa chai, utasikia orodha ileile ya malalamiko. Wanachuo wa siku hizi ni wavivu. Wanameza tu, hawaelewi. Darasani wako kimya, kwenye simu wanaongea. Wodini wanajificha chumba cha dawa. Wanachelewa, wanasinzia, wananakiliana kazi. Malalamiko haya si ya uongo. Ninachokataa ni namna tunavyoyapanga, kana kwamba kila moja ni gonjwa la peke yake na dawa ya yote ni nidhamu. Mimi naona mengi yanatoka sehemu moja: ufa uliopo kati ya chumba ambamo uuguzi unafundishwa na chumba ambamo uuguzi unafanyika. Mwanachuo anaishi ndani ya ufa huo kwa miaka mitatu.

Ufa huu una historia. Florence Nightingale alipofungua shule yake kwenye hospitali ya St Thomas' jijini London mwaka 1860, shule na wodi vilikuwa kitu kimoja. Mwanafunzi alilala hospitalini, alifanya kazi hospitalini na alijifunza akiwa anafanya. Wamisionari walipojenga hospitali zao Afrika Mashariki walifuata mtindo uleule, ndiyo maana hadi leo hospitali nyingi kongwe za makanisa zina chuo cha uuguzi upande wa pili wa ukuta. Kwa mwanafunzi maisha hayo hayakuwa mepesi: alikuwa kibarua wa bei nafuu, na masomo yalikuja baada ya kazi kuisha, kama zilikuwa zinaisha. Baadaye elimu ilihamia vyuoni. Muhimbili ilianza kutoa shahada ya kwanza ya uuguzi mwaka 1988. Vyuo vya kati viliingizwa kwenye mfumo wa elimu ya ufundi, wenye ngazi ya 4, 5 na 6, mitaala ya umahiri na mitihani ya pamoja.

Sitaki kuusikia ule wimbo wa "zamani manesi walikuwa manesi." Kusoma kunaokoa watu. Mwaka 2014 Linda Aiken na wenzake walichapisha kwenye jarida la Lancet utafiti wa hospitali za nchi 9 za Ulaya: kila asilimia ya wauguzi wenye shahada ilipopanda kwa 10, uwezekano wa mgonjwa wa upasuaji kufariki ulishuka kwa asilimia 7. Utafiti huohuo ulionyesha kuwa kila mgonjwa mmoja anapoongezwa kwenye mzigo wa muuguzi, uwezekano huo unapanda kwa asilimia 7. Tuliwapeleka wanafunzi vyuoni tukiwa na sababu nzuri. Kilichotushinda ni kujenga daraja la kurudi wodini.

Hapo nianze na lugha, kwa sababu ndiyo inayokula muda mwingi kuliko yote na ndiyo tunayoizungumzia kidogo kuliko yote.

Mwanachuo wetu wa kawaida alisoma shule ya msingi kwa Kiswahili, akahamishiwa Kiingereza kidato cha kwanza, akaja kwetu na ufaulu wa masomo manne yakiwemo Kemia, Baiolojia na Fizikia, mengi kwa alama ya D. Tunampokea kwa mihadhara ya anatomia kwa Kiingereza. Uliza swali kwa Kiingereza kwenye darasa la watu 130, ukumbi unakuwa kama matangani. Liulize swali hilohilo kwa Kiswahili, mikono inapanda hadi nyuma. Kila mkufunzi analijua hili na kila mkufunzi analifanya: tunafafanua kwa Kiswahili, kisha mtihani unakuja kwa Kiingereza. Mwanachuo mwenye akili anapiga hesabu zake haraka. Ufafanuzi wa mwalimu hauulizwi kwenye mtihani. Sentensi iliyoko kwenye slaidi ndiyo inayoulizwa. Basi anaimeza sentensi. Anatafuta desa la mwaka jana, analikariri lote, anafaulu. Kisha sisi tunaenda kunywa chai na kusema wanameza tu.

Nitoe mfano wa damu. Karibu kila mwanachuo wangu anaweza kuandika kuwa mama aliyejifungua akipoteza mililita 500 za damu au zaidi ndani ya saa 24, hiyo ni hatari ya kuvuja damu baada ya kujifungua. Wanaiandika bila kukosea hata nukta. Mwaka mmoja niliingia darasani na ndoo, kanga na maji yaliyotiwa rangi nyekundu. Nilimwaga kiasi fulani kwenye kanga, nikaitandaza mezani, nikauliza ni mililita ngapi. Majibu yalikuwa kati ya 100 na 2,000. Wale walioandika fasili sahihi kwenye jaribio la wiki iliyotangulia walikuwa wametawanyika kote humo.

Wazo la kanga si langu. Huko Kigoma, miaka ya mwanzo ya 2000, watafiti waliwafundisha wakunga wa jadi kutambua damu iliyofika mililita 500 kwa kuangalia kanga zilizolowa, kwa sababu kanga ina ukubwa unaofahamika na ipo kila nyumba anapojifungulia mwanamke. Bibi ambaye hajakaa darasani alipewa kipimo anachoweza kukiona. Mwanachuo wetu, mwenye kitambulisho cha chuo shingoni, amepewa namba.

Vivyo hivyo kwa kifafa cha mimba. Darasani mwanachuo anajifunza dalili za hatari kwa Kiingereza: kichwa kuuma sana, macho kuona vibaya, maumivu juu ya tumbo. Akifika kliniki ya wajawazito anauliza, kwa tafsiri yake mwenyewe, "Je, una tatizo la uoni?" Mama anasema hapana. Mkunga mzoefu anauliza, "Unaona maruweruwe? Nyotanyota?" Mama huyohuyo anasema ndiyo, tangu juzi. Swali la kwanza halikuwa na kosa la sarufi, lakini lingeweza kumrudisha nyumbani mama aliyekuwa karibu kudondoka. Halafu kuna jina lenyewe la ugonjwa. Ukimwambia mama na mama mkwe wake kuwa ni "kifafa", wao wanawaza kifafa kile kingine, cha aibu na cha kurogwa. Utafiti uliofanywa Bagamoyo miaka ya 1990 ulionyesha jambo linalofanana kuhusu degedege: watu wengi waliliona kuwa ni kitu tofauti na malaria, lenye waganga wake, na sindano ya hospitali ikaogopwa. Hayo mwanachuo ameyasikia nyumbani kwao. Darasani hakuna mahali pa kuyaweka.

Kuna wanaosema tukilegeza Kiingereza tutawafungia vijana soko la nje. Tuliangalie soko hilo. Kenya ilitia saini makubaliano na Uingereza ya kupeleka wauguzi mwaka 2021. Kabla mwaka haujaisha, Waziri wa Afya wa wakati huo, Mutahi Kagwe, alisema hadharani kuwa kati ya watu 300 waliofanya mtihani wa Kiingereza, waliofaulu ni 10. Mitihani ile ni migumu, na Wakenya wanazungumza Kiingereza kuliko sisi. Lakini ni vigumu kuendelea kudai kwamba kufundisha kwa Kiingereza kunazaa Kiingereza. Kwa upande wetu, mwaka huohuo wa 2021 sheria ilibadilishwa na Kiswahili kikawa lugha ya mahakama Tanzania. Kama hakimu anaweza kumhukumu mtu kwa lugha anayoielewa, sioni kwa nini muuguzi asipimwe kwa lugha atakayomhudumia nayo mgonjwa.

Siombi Kiingereza kiondoke. Chupa za dawa zimeandikwa kwa Kiingereza, na miongozo mingi pia. Ninachoomba ni kidogo na kinawezekana muhula ujao. Mtihani wa vitendo wa vituo, ule wa OSCE uliobuniwa na Ronald Harden huko Dundee, Uskoti, mwaka 1975, uwe na angalau vituo viwili ambapo mwanachuo anachukua historia ya mgonjwa na kutoa elimu ya afya kwa Kiswahili, na apewe alama kwa maneno anayochagua, shikamoo ikiwemo. Kinachopimwa ndicho kinachosomwa. Na hata hapo tusijidanganye: mpeleke kijana huyo Meatu au Bariadi, Kiswahili nacho kinageuka lugha ya pili, na itabidi ajue kumtafuta mkalimani mwenye busara badala ya mtoto wa mgonjwa.

Hesabu ni jambo jingine linaloitwa uvivu wakati mwingi ni woga. Swali la kawaida kabisa: mgonjwa apewe lita moja ya dripu kwa saa 8, mrija unatoa matone 20 kwa mililita, ni matone mangapi kwa dakika? Mililita 1,000 mara 20 ni matone 20,000. Saa 8 ni dakika 480. Gawanya, unapata 41.67, yaani 42. Makosa mengi hayako kwenye kuzidisha. Yako kwenye kugeuza saa kuwa dakika, na zaidi kwenye kutokuona kuwa jibu haliingii akilini. Nimewahi kuletewa jibu la matone 2,500 kwa dakika, limepigiwa mistari miwili chini kwa rula.

Siku hizi jibu likipatikana naliambia darasa tulipige. Matone 42 kwa dakika ni tone moja kila sekunde moja na nusu, pungufu kidogo. Watu 130 wanagonga meza kwa kalamu, taratibu, kwa pamoja, dakika nzima. Wa darasa la jirani walidhani tumeanzisha kwaya. Baada ya hapo matone 2,500 hayaandikwi tena, maana mkono wenyewe unajua haiwezekani. Na hapo ndipo nilipoambiwa jambo ambalo miaka yote sikuwa nimeliuliza. Binti mmoja alibaki baada ya kipindi: "Madam, mimi hesabu naijua. Wodini sina saa yenye mshale wa sekunde, na simu tumekatazwa. Nakadiria tu." Tulikuwa tumeandika saa ya kifuani kwenye orodha ya mahitaji ya kujiunga na chuo. Hatukuwahi kukagua nani ameinunua.

Kwenye magnesiamu salfeti, dawa ya kifafa cha mimba, hesabu haina mzaha. Kichupa chetu kina nguvu ya asilimia 50, maana yake gramu moja iko ndani ya mililita 2. Dozi ya kwanza ya mshipani ni gramu 4, na inatakiwa iwe ya asilimia 20. Kwa hiyo unavuta mililita 8 za dawa, unaongeza mililita 12 za maji ya sindano, unapata mililita 20, unazitoa polepole. Mwanachuo aliyekariri "mililita 20" bila kuelewa zinatoka wapi atavuta mililita 20 za dawa tupu, ambazo ni gramu 10, na pumzi ya mama inaweza kusimama. Ndiyo maana namlazimisha kila mmoja aniambie, kabla hajagusa sindano, atajuaje kuwa dawa imezidi: goti halirushi mguu likigongwa, pumzi zimeshuka chini ya 16 kwa dakika, mkojo ni chini ya mililita 30 kwa saa. Na kalsiamu glukoneti, ya kuizima dawa hiyo ikizidi, iko wapi? "Kwenye kabati la dawa" si jibu. Anipeleke na aishike.

Sasa twende wodini, ambako kwa mtazamo wangu darasa halisi liko na mwalimu hayupo. Vyuo vimeongezeka, hospitali za kujifunzia hazijaongezeka kwa kasi hiyo. Asubuhi moja unakuta wanachuo wa vyuo vitatu wamezunguka kitanda kimoja, sare za rangi tatu, na mama aliyelala hapo hajaulizwa kama anaridhia kutazamwa na watu 20. Muuguzi mfawidhi ana wauguzi wawili na wagonjwa 40. Kufundisha hakumo kwenye maelezo ya kazi yake kwa namna inayolipwa wala kuhesabiwa. Anachowaambia wanachuo ni sentensi ambayo kila aliyesoma uuguzi nchini ameisikia: "Hayo ni ya chuoni, hapa tunafanya kazi."

Mfano mzuri ni patografu, chati ya kufuatilia uchungu. Msingi wa chati tunayoitumia uliwekwa hapahapa Afrika: Philpott na Castle, wakiwa Salisbury ambayo sasa ni Harare, walichapisha mwaka 1972 kazi yao ya kuongeza mstari wa tahadhari na mstari wa hatua, ili mkunga aliye mbali na daktari ajue mapema uchungu unapokwama. Ni chombo cha kukusaidia kuamua wakati mama bado yuko kitandani. Chuoni mwanachuo anaijaza kwa data nilizomwandikia mimi. Wodini anaikuta inajazwa mama akishajifungua, mtoto akiwa ameshafungwa kanga, mistari imenyooka vizuri kabisa, mapigo ya moyo ya mtoto 140 kila nusu saa. Hakuna aliyekaa chini kumfundisha kughushi. Amejifunza kwa kuona, na hilo halisahauliki kama mhadhara.

Nilikuwa nawalaumu wakunga hao. Siku hizi nalaumu kidogo, kwa sababu nimekaa nao usiku wenye akina mama watano kwenye uchungu na mkunga mmoja. Lakini mwanachuo lazima aambiwe ukweli wa mambo mawili kwa pamoja: kwamba chati iliyojazwa baadaye ni uongo, na kwamba aliyeijaza amechoka na si mwovu. Mkufunzi anayesema la kwanza tu anamfanya kijana awadharau watu atakaofanya nao kazi. Anayesema la pili tu amemruhusu kughushi. Marlene Kramer aliandika tangu mwaka 1974 kuhusu mshtuko wa wauguzi wapya wanapokutana na kazi ilivyo; kwetu mshtuko huo hausubiri ajira, unaanza mwaka wa kwanza, na wengi wanautatua kwa kuamua kuwa chuo kinaongopa.

Je, kuna ushahidi kwamba ufa unazibika? Upo, na uko Tanzania. Mafunzo ya kumsaidia mtoto mchanga kupumua, yale ya "dakika ya dhahabu", yalijaribiwa kwenye hospitali nane nchini, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha vifo vya watoto ndani ya saa 24 vimeshuka kwa asilimia 47. Kila mtu alishangilia. Lakini kwenye hospitali ya Haydom, kule Mbulu, waliangalia kwa karibu zaidi. Baada ya mafunzo ya siku moja, wahudumu waliofaulu kumfufua mtoto wa plastiki walipanda kutoka asilimia 18 hadi 74. Chumba cha kujifungulia kilipochunguzwa, kwa watoto wa nyama na damu, utendaji ulikuwa haujabadilika. Watu walikuwa wamejifunza kufaulu mtihani wa doli.

Haydom hawakuongeza siku za semina. Waliweka doli pale wodini, na wahudumu wakawa wanafanya mazoezi mafupi ya dakika chache, mara kwa mara, ndani ya kazi. Kwa mujibu wa matokeo yaliyotolewa mwaka 2015, vifo vya saa 24 za kwanza vilishuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000. Doli ni lilelile na watu ni walewale. Kilichobadilika ni mahali na marudio. Kama ningeruhusiwa kubandika habari moja tu kwenye ukuta wa kila ofisi ya wakufunzi, ningebandika hiyo, maana inajibu hoja ya wanaodhani kuwa chumba cha mazoezi chenye vifaa vya kung'aa kitatuokoa. Chumba kinasaidia. Sindano ya kwanza ya mtu ni heri iingie kwenye sponji. Lakini chumba kilichofungwa kwa kufuli na kufunguliwa wiki ya mitihani, ambacho nimekiona zaidi ya mara moja, ni makumbusho.

Nidhamu nimeiacha hadi hapa kwa makusudi. Simu zipo, na nimechoka kuzikusanya kwenye kapu. Grupu la WhatsApp la darasa husambaza majibu ya jaribio kabla mimi sijafika ofisini, na sasa kuna ChatGPT. Nilitoa kazi ya kuzuia vidonda vya kulalia, nikapokea karatasi 60 zinazopendekeza godoro maalumu la hewa, kwa Kiingereza safi ambacho hakuna hata mmoja wao anayekizungumza. Ningeweza kuwapa sifuri wote. Nilibadilisha swali: mgonjwa yuko wodi yetu, kitanda cha nne, godoro la sponji lenye reksini iliyochanika, mito ni miwili, ndugu aliyepo ni mmoja naye analala sakafuni, panga namna ya kumgeuza kila baada ya saa mbili, mchana na usiku, uandike jina la atakayemgeuza saa tisa usiku. Mashine haijui kitanda cha nne. Walilazimika kwenda kukiona.

Wanaosinzia, waulize wametoka wapi. Wengine wametoka zamu ya usiku ambayo sisi wenyewe tumewapangia. Wengine hawajala. Wapo pia walioletwa na baba, au waliotaka kozi ya utabibu nafasi zikawa zimejaa, na uuguzi wanauona kama adhabu. Hao huwajui mpaka ukae nao, na kelele hazijawahi kumpendezesha mtu kazi asiyoitaka.

Kelele nazijua. Miaka kadhaa iliyopita nilimfokea mwanachuo mbele ya mgonjwa kwa sababu alivaa glavu safi kisha akashika pazia. Nilimfokea vizuri, kwa sauti iliyofika kitanda cha mwisho. Wiki mbili baadaye katika wodi hiyohiyo alikosea dozi ya dawa ya mtoto, akanyamaza. Tulijua kwa sababu muuguzi alihesabu vidonge vikapungua. Mtoto hakudhurika. Nilipomuuliza kwa nini hakusema, aliangalia chini, akasema, "Niliogopa utanifokea." Hilo ndilo kosa langu kubwa zaidi kama mwalimu. Kwenye kazi yetu mtu anayeficha kosa ni hatari kuliko anayekosea, na mimi ndiye niliyemfundisha kuficha. Tangu hapo marekebisho nayafanyia koridoni, na kila Ijumaa naanza kipindi kwa kusimulia kosa langu la wiki kabla ya kuuliza la mtu yeyote. Wiki za kwanza hakuna aliyesema kitu. Ya tano mtu mmoja aliinua mkono.

Si kila kitu ni woga wala lugha. Wapo wanaoghushi saini kwenye kitabu cha vitendo wakijua wanachofanya, na wapo wanaomkejeli mgonjwa. Hao nimewaandikia barua za nidhamu na wengine wamedisko, na usingizi sikukosa. Lakini katika miaka 14 ni wachache, naweza kuwahesabu kwa vidole.

Anayebaki ni mkufunzi mwenyewe, yaani mimi. Njia yetu inajulikana: unakuwa muuguzi hodari, unapelekwa kusoma, unarudi chuoni na slaidi, na wodi unaiona tena unapokwenda kusahihisha. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilibadilisha mahali inapoanzia hatua ya uchungu wenye kasi, kutoka njia kufunguka sentimita 4 hadi sentimita 5, na mwaka 2020 likatoa mwongozo mpya wa kufuatilia uchungu wa kuchukua nafasi ya patografu ya zamani. Mimi niliendelea kufundisha sentimita 4 kwa muda nisioutaja, mpaka mwanachuo mmoja aliporudi kutoka wodini akaniuliza, kwa adabu zote, "Madam, hii slaidi ni ya mwaka gani?" Namshukuru alithubutu.

Kwa hiyo ombi langu kwa wakuu wa vyuo ni dogo kuliko maabara mpya. Kila mkufunzi apangiwe siku moja kwa wiki ya kufanya kazi wodini, kwa sare, akiwa na wagonjwa wake na wanachuo watano au sita wanaomwangalia akifanya na akikosea. Siku hiyo ihesabiwe kwenye mzigo wake wa vipindi kama mhadhara wowote. Wafawidhi nao, wanaobeba darasa letu bila jina wala posho, watambuliwe kwa barua na waitwe tunapotunga mitihani. Zamu ya asubuhi inapokea ripoti saa moja na nusu. Tuandikeni kwenye rosta.